Ugumu wa Swali Uko Wapi?

"Andika kisa kitakachothibitisha ukweli wa methali: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Aliyefika kidato cha nne nchini Kenya amekutana na swali la namna hii. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ni ya insha. Maswali ni manne. La kwanza ni la lazima, kisha mtahiniwa anachagua moja kati ya matatu yaliyobaki. Kila insha ina alama 20, haipaswi kupungua maneno 400, na muda wa zote mbili ni saa moja na dakika 45. Katika yale matatu, mara nyingi moja huwa la methali na jingine la mdokezo, yaani unapewa sentensi ya kuanzia au ya kumalizia, mengine ujaze mwenyewe.

Nimesahihisha insha za methali hii nyingi kiasi kwamba huijua hadithi kabla sijafungua daftari. Yupo msichana. Kijiji chake kimepewa jina la msiba unaomsubiri: Majuto, Balaa, Matatizo. Wazazi wanamwonya, marafiki wanampotosha, anakimbilia mjini, anaingia kwenye ulevi, anapata mimba au anafungwa jela. Mwishoni anarudi nyumbani akilia, na mwandishi anatukumbusha kwamba wahenga hawakukosea. Lugha ni safi. Misemo imepangwa kama vikombe kabatini. Mtoto anapata alama 13 au 14, na hakuna hata mstari mmoja ambao ilimbidi asimame ili aufikirie.

Zamani nililaumu watoto kwa kukariri. Sasa naona lawama ile haikuwa ya haki. Swali lenyewe halikumdai mwandishi aamue chochote: njia ilikuwa pana, imekanyagwa na maelfu waliomtangulia, naye akaifuata kama ambavyo mtu yeyote mwenye dakika 50 mkononi angefanya.

Kwa hiyo ni vizuri tuulize ugumu wa swali unakaa wapi hasa, kwa sababu neno "gumu" tunalitumia kwa mambo matatu yasiyofanana. Lipo swali gumu kwa msamiati. Ukimwambia mwanafunzi "tathmini dhima ya taswira katika ujenzi wa maudhui" na hajui taswira ni nini, amekwama mlangoni tu. Mfafanulie neno moja na ugumu umekwisha. Lipo swali gumu kwa maarifa. Ukiuliza Vita vya Maji Maji vilipiganwa mwaka gani, aliyesoma atakujibu 1905 hadi 1907, asiyesoma hatajibu hata akikaa siku nzima. Na lipo swali ambalo kila neno lake analielewa, kila habari inayohitajika anayo, lakini bado anaweka kalamu chini na kutazama dirishani. Hilo la tatu ndilo ninalolitafuta, na ndilo tunalolitunga mara chache kuliko yote, kwa sababu ni vigumu kulitunga na ni vigumu zaidi kulisahihisha.

Maneno ya kuamuru hayatuokoi. Tunadhani ukiandika "jadili" badala ya "taja" umelipandisha swali daraja. Nchini Tanzania maswali ya fasihi mara nyingi huja na idadi ya hoja, kwa mfano hoja tatu kutoka kila kimoja cha vitabu viwili, na nia yake ni njema, kumpa mtahiniwa kipimo cha kujua amemaliza. Lakini mwanafunzi akishajua anatakiwa hoja sita, kujadili kunageuka kuorodhesha. Hoja ya nne haigombani na ya pili; hazijuani kabisa. Kujadili kwa kweli kungemtaka aseme ni ipi kati ya hizo sita ingeanguka kama ile ya kwanza ingekuwa uongo. Jaribuni kuuliza hivyo darasani, kisha msikilize ukimya utakaofuata.

Turudi kwa yule asiyesikia la mkuu. Methali ni ileile, lakini swali nalibadilisha: Andika kisa ambamo asiyemsikia mkuu ana haki ya kutomsikia, na guu linavunjika hata hivyo.

Sasa msichana wa kijiji cha Majuto hafai tena. Mwandishi anahitaji mkuu anayekosea lakini si mwovu, maana mkuu mwovu angefanya kisa kiwe chepesi. Anahitaji mtu anayekaidi kwa sababu tunayoweza kuiheshimu. Anahitaji msiba ambao si adhabu. Labda ni kijana wa mvuvi anayekataa kwenda baharini kabla ya alfajiri kwa sababu ameona mawingu, baba anamwita mwoga, kijana anabaki ufukweni, na ni ufukweni anakopata ajali. Labda ni binti anayekataa kuacha shule, anashinda, kisha ushindi wenyewe unamtenga na nyumba yake. Na hapo, katikati ya kutunga, mwandishi analazimika kuisoma methali upya. Inasema nini hasa? Inasema guu huvunjika. Haisemi kwamba mwenye guu alikosea. Tumezoea kuisikia kama hukumu, wakati maneno yake ni ya onyo tu: wakubwa wana nguvu, dunia ina mashimo, angalia. Huo ni uchambuzi, na mwandishi ameufikia kwa kutunga hadithi. Wanaosema ubunifu ni wa watu wa hisia na uchambuzi ni wa watu wa akili hawajawahi kuandika kisa chenye sharti.

Methali zina hazina nyingine ambayo shule zimeiacha ikilala: zinapingana. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Mvumilivu hula mbivu, lakini chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini wapishi wengi huharibu mchuzi. Mwalimu akiuliza "ipi ni ya kweli?" darasa litagawanyika pande mbili, litapiga kelele, na litatoka kama lilivyoingia. Mimi huuliza hivi: Ni kitu gani kikibadilika, methali ya kwanza inaacha kufaa na ya pili inaanza?

Tulifanye pamoja, kwa ile jozi ya kwanza. Chukua fundi cherehani aliyeletewa kitenge cha arusi. Akikosea kukata, hakuna sindano itakayokirudisha kile kitambaa. Akichelewa siku moja, mteja atanung'unika na mambo yataendelea. Kwake haraka haina baraka. Chukua mama aliyeshikwa na uchungu kijijini na gari ni la kutafutwa. Ukikosea ukachukua gari baya, utashuka na kupanda jingine. Ukisubiri gari zuri, muda uliopita haurudi. Kwake kungoja ndiko kunakoumiza. Tofauti si kwamba mmoja ni mvumilivu na mwingine ni mwepesi. Tofauti ni kipi kisichorudi nyuma: kosa, au muda. Mwanafunzi akishaipata kanuni hiyo, mtafutie mahali inapomshinda. Daktari wa upasuaji wa dharura, kwa mfano, ambaye kosa lake halirudi na muda wake haurudi. Pale methali zote mbili zinanyamaza, na swali jipya linazaliwa: mtu wa namna hiyo hufanya haraka yake lini? Vijana kadhaa hujibu kwamba huifanya miaka kabla, kwenye mazoezi. Mimi sikuwafundisha jibu hilo.

Chemshabongo nazo tunazidharau, tunaziweka kwenye kona ya watoto ya gazeti. Chukua ile ya mtu mwenye chui, mbuzi na mzigo wa majani, aliyefika mtoni akakuta mtumbwi unaomtosha yeye na kimoja tu kati ya vile vitatu. Akiwaacha chui na mbuzi peke yao, chui atamla mbuzi. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Kila mtu huanza vizuri: anamvusha mbuzi, anarudi mtupu. Kisha anakwama. Akimvusha chui, ng'ambo yupo mbuzi. Akivusha majani, ng'ambo yupo mbuzi. Jibu ni kumvusha chui, kisha kurudi na mbuzi. Unamwacha mbuzi, unavusha majani, unarudi mtupu, unamchukua mbuzi tena. Ukihesabu kwenda na kurudi, ni mara saba.

Kinachowakwamisha watu hapa si hesabu. Ni sharti ambalo hawakupewa. Hakuna aliyesema kwamba kilichovushwa kisirudishwe. Wamejiwekea wenyewe, kwa sababu kurudi na ulichokwisha kukifikisha kunaonekana kama hasara. Ndiyo maana baada ya jibu huwa naongeza swali ambalo naliona bora kuliko fumbo lenyewe: Taja sharti ambalo hukupewa lakini ulilitii. Na swali hilo linafanya kazi mbali na mto. Nani alisema asiyemsikia mkuu lazima awe msichana? Nani alisema mkuu ni mzazi? Katika kisa cha kampuni, mkuu anaweza kuwa mtaalamu kijana aliyepuuzwa na wazee wa bodi. Nani alisema guu ni la mtu mmoja, si la nchi nzima?

Hapa ndipo nilipoielewa kazi ya mtunga maswali, na nilichelewa kuielewa. Anafunga njia zilizozoeleka mno, na kwa kuzifunga anamfanya msafiri azione nyingine ambazo zilikuwa wazi siku zote. Mtunzi anayefunga tu, bila kuacha mlango wowote, ametunga mtego. Anayefungua tu, "andika chochote unachotaka kuhusu amani", ametunga usingizi. Mdokezo mzuri una uzio na una lango, na mtunzi anapaswa kuwa ameshapita langoni mwenyewe kabla hajamtuma mwingine. Swali ambalo mwalimu hajawahi kulijaribu kwa kalamu yake halina haki ya kwenda ubaoni.

Basi nami nitatoa lililowahi kunitesa. Andika aya moja ya Kiswahili sanifu bila kutumia herufi a.

Katika lugha nyingine sharti la kuacha herufi moja ni mchezo wa msamiati. Katika Kiswahili ni tetemeko la sarufi. Karibu vitenzi vyetu vyote vya asili ya Kibantu huishia na a. Viambishi vya wakati -na-, -ta- na -ka- vimekwenda. Kiunganishi na kimekwenda, kwa imekwenda, na pamoja nazo wa, ya, la, za na jamaa zao wote wanaounganisha nomino na nomino. Kiambishi a- cha yeye na wa- cha wao havipo, kwa hiyo watu wa nafsi ya tatu hawawezi kutenda karibu lolote. Nilikaa na karatasi tupu kwa muda mrefu.

Kisha nikaanza kuhesabu kilichobaki badala ya kilichopotea. Wakati -li- umebaki, -me- umebaki, lakini vinahitaji vitenzi visivyoishia na a, kama rudi, jibu, subiri, keti. Vitenzi vya Kibantu vinabaki katika hali mbili tu: vikikanusha wakati uliopo, ambapo huishia na i, na vikiomba au kutaka, ambapo huishia na e. Na hata katika kukanusha, wanaoweza kukana ni mimi na wewe peke yetu, kwa si- na hu-. Hatu-, ham- na hawa- zina a. Katika umiliki, -angu, -ako, -ake na -ao zimeondoka, zimebaki -etu na -enu. Yaani siwezi kusema "changu". Naweza kusema "chetu" tu.

Nikaandika hivi:

"Ulirudi jioni. Sikujibu hodi. Niliketi pembeni, uso chini, moyo mzito. Sikuulizi lolote, sikuombi lolote. Siku zote hizi nimesubiri. Njoo, keti. Tule, tunywe, tuseme. Mji huu ni wetu."

Sikupanga kuandika kuhusu watu wawili waliokosana. Sarufi iliyobaki ilikuwa na mimi na wewe, ilikuwa na kukataa na kuomba, ilikuwa na wetu bila wangu. Mtu akibaki na hivyo tu, ataandika nini kama si ugomvi unaotafuta suluhu? Na kwa upande wa uchambuzi, nilijifunza kuhusu muundo wa Kiswahili kwa jioni moja mambo ambayo nilikuwa nimeyakariri chuoni bila kuyaona: kwamba irabu ile moja ndiyo inayobeba uthibitisho wetu, umiliki wa mtu mmoja, na karibu uhusiano wote kati ya kitu na kitu. Ukitaka kulifanya darasani, usianze na a. Anza kwa kuzuia -na- ya wakati uliopo. Inatosha kuwatoa jasho vijana wa kidato cha pili.

Washairi wetu wamelijua hili tangu zamani. Shairi la arudhi, yaani la kanuni za jadi, lenye mizani (silabi) 16 katika mshororo, nane ukwapi (nusu ya kwanza) na nane utao (nusu ya pili), vina vya kati na vya mwisho, ni mdokezo mgumu unaojirudia kila ubeti. Kina humlazimisha mtunzi kwenda kutafuta neno ambalo maana pekee isingempeleka. Huko Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, mshairi Muyaka bin Haji aliitumia aina hiyo ya shairi kwa siasa, mapenzi na kujibizana na washairi wa upande wa Lamu, na jibu zuri lilipaswa kumshinda mpinzani kwa hoja na kwa vina pia. Mgogoro wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi yasiyo na vina tunaufundisha kama jambo la kuchagua upande. Ningependa aulizwe mwanafunzi: Chukua ubeti wowote, ondoa vina vyake bila kubadilisha maana. Ni kitu gani kimeondoka navyo?

Siku hizi kuna jambo linalofanya haya yote yawe ya lazima zaidi. Insha ya msichana wa kijiji cha Majuto huandikwa na programu ya akili unde katika simu kwa sekunde chache, na huandikwa vizuri. Walimu wengi wanalia. Mimi naona imetuonyesha tu ni maswali gani yalikuwa hayahitaji mtu tangu mwanzo. Swali linalomtaka mwanafunzi aende sokoni, asikilize muuzaji na mteja wakipatana bei, kisha aandike ni neno gani lililobadilisha bei na kwa nini, bado linamhitaji yeye na masikio yake.

Lakini shule bora ya maswali magumu niijuayo ni kitendawili, na naipenda kwa sababu kila anayezungumza Kiswahili ameshaipitia bila ada. Kuteguliwa ni nusu yake tu; nusu ngumu ni kutunga. Waambie wanafunzi watunge kitendawili cha simu ya mkononi. Wa kwanza ataleta: "Namlisha usiku, anasema mchana." Kizuri, kina mwili na kina mshangao. Sasa darasa lishambulie: je, kuna kingine kinacholishwa usiku na kusema mchana? Jogoo wa mtu mchelewaji. Redio ya kuchaji. Basi mtunzi arudi akaze: "Namlisha usiku ukutani, mchana hunong'ona na walio mbali." Jogoo ametoka. Redio nayo haitanong'ona na mtu, maana yenyewe husema tu, haisikilizi. Kila neno lililoongezwa limefukuza jibu moja la uongo, na ndivyo ufafanuzi wa kisayansi unavyojengwa, ndivyo kifungu cha sheria kinavyoandikwa. Likiongezwa neno moja zaidi ya lile la lazima, fumbo linafumbuka lenyewe na utamu unakwisha. Kati ya kidogo mno na kingi mno pana nafasi nyembamba, na mtunzi anaitafuta kwa kubuni na kupima kwa wakati mmoja.

Katika utegaji wa vitendawili, anayeshindwa hutoa mji. "Nipe mji." "Nakupa Lamu." Mtegaji hujisifu kwanza alivyopokewa Lamu, ndipo ataje jibu. Darasani kwangu niliibadilisha ada hiyo kidogo. Anayeshindwa hatoi mji mtupu. Anatoa majibu aliyoyajaribu, na sababu ya kila moja kukataa. Siku moja nilitega kile cha kale: "Kila niendapo ananifuata." Kijana mmoja wa nyuma, ambaye hunyoosha mkono mara chache, alikubali kushindwa, akaanza kulipa. Alifikiria mbwa, lakini mbwa huchoka akabaki. Alifikiria njaa, lakini njaa siku nyingine hushiba. Alifikiria jina lake, lakini jina huweza kufika mahali kabla ya mwenyewe, basi haliwezi kusemwa kwamba linafuata.

Nikampa jibu: kivuli.

Akafikiri kidogo. "Mwalimu, usiku kivuli hakinifuati. Umesema kila niendapo. Jina hata likitangulia, nikifika huwa nalo."

Wenzake wakanigeukia. Nikatafuta la kujibu, sikulipata. Nikampa Lamu, na Mombasa juu yake.